Refa Alikuwa Wapi Jumamosi?

Benchi la Nabwile, muuza kahawa, si benchi hasa. Ni ubao mzito uliong'olewa chini ya reli zamani, ukawekwa juu ya mawe mawili, hatua chache kutoka stesheni ya Bungoma. Mwaka ule ligi mpya ya taifa ilipoanza, simu za mkononi zikiwa bado za kuhesabika mjini, habari yoyote ya mpira ilipita hapo kwanza ndipo iende kwingine. Karibu na jiko alikaa Bramwel, aliyeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba akijitetea mwenyewe. Katikati alikaa Wakhungu, na huyo ni Redio, ila redio hii haina mahali pa kuzimia. Kona ya mwisho ilikuwa ya Hesbon, fundi wa baiskeli na kocha wa timu ya mji, mtu wa kuwaka upesi na wa kusema jambo jinsi lilivyo, ukipenda usipende. Jumapili hiyo, watu wakitoka kanisani, kona yake ilikuwa tupu. Nabwile alikuwa akimimina kahawa ya mlimani Hesbon alipotokea upande wa stendi, koti lake la heshima limejaa vumbi, akaanza kufoka hata kabla ya kuketi.

— Waoga! Hakyanani, watu wa Kitale ni waoga! Tumekaa uwanjani kwao kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja. Hakuna mtu! Ng'ombe mmoja tu, anakula nyasi ndani ya goli!

Wakili alimtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake. Nabwile akaacha kumimina.

— Ulilala wapi, Baba Emmy? akauliza Nabwile.

— Tuwan, huko huko Kitale, kwa shemeji. Vijana nimewaleta na gari la asubuhi, wanaoga. Kesho ofisi ikifunguliwa napigia ligi simu. Timu isiyofika inapigwa mbili bila, mwenzake anachukua pointi tatu. Tumepona, bana! Tumepona!

Na kweli alihitaji kupona. Sheria ya ligi ilikuwa fupi: ukikosa kufika mechi mbili, unafutwa. Mechi ya kwanza Bungoma walikuwa wamekosa, lori lao lilizama matopeni, vijana wakafika uwanjani jua limetua na wenyeji wamekwenda zao. Ilibaki nafasi moja tu. Kipa wao alikuwa ameacha kazi ya ulinzi kwa ajili ya ligi hii, na Hesbon ndiye aliyemwambia aache.

— Kocha, alisema Redio taratibu, jambo ambalo si kawaida yake. Kunywa kwanza.

— Sitaki kunywa. Mbona mnanitazama kama maiti?

— Watu wa Kitale walikuwa hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa Bungoma. Jana. Basi nzima, na jezi wamevaa. Walikaa uwanjani wanangoja nyinyi mpaka wakachoka.

Hesbon aliketi.

— Unanidanganya, Wakhungu.

— Niulize mimi basi, alisema Wakili. Niliwaona kwa macho yangu. Nahodha wao alikunywa kahawa hapo ulipo. Tukamwambia mpira uko kwao, akacheka, akadhani ni matani.

— Wele wange, Mungu wangu! Sasa mbona hatukukutana njiani?

— Mlipita wapi?

— Webuye.

— Wao walikuja na njia ya Chwele.

Nabwile akamwekea Hesbon kikombe mkononi kama anavyowekewa mgonjwa. Timu mbili za ligi ya taifa, kila moja imesafiri kwenda kwa mwenzake, kila moja imengoja kwenye nyasi za mwenzake. Tangu ubao ule utolewe kwenye reli haujawahi kusikia kitu kama hicho.

— Hii ni Nairobi, alisema Wakili. Nawaambieni ni Nairobi. Wanataka timu za huku zifutwe zote mbili kwa siku moja, nafasi zigawiwe huko kwao.

— Nairobi gani? alidakia Redio. Wewe hujui mpila. Yule ng'ombe! Ng'ombe anaingiaje ndani ya goli, akae humo saa nne, asitoke? Hiyo ni dawa! Kitale walimweka.

— Walimweka wakiwa wapi, na wao walikuwa hapa? aliuliza Wakili.

— Ndiyo dawa yenyewe! Na huku nilimwona mmoja wao anachota mchanga pale pa penalti, anatia kwa mfuko. Kocha, uwanja wetu umebebwa!

— Wacha ujinga, Redio, alisema Hesbon.

— Basi mimi nitasema moja, alisema Wakili, akainua kidole. Hii ligi yenyewe haiko. Mmewahi kuiona? Nyinyi mmeona barua na muhuri. Hata mimi nikipata muhuri nitaanzisha ligi.

— Haiko, na jedwali linasomwa redioni kila Jumatatu? Nabwile aliuliza.

— Kwani kusoma ni kazi?

Hesbon hakucheka. Wakati huo alikuwa amefika msichana mmoja akikokota baiskeli, gurudumu la nyuma limelala. Alisema anaitwa Chepkosgei, mwalimu, amehamishiwa shule ya karibu na Mabanga juzi tu. Hesbon alishukuru moyoni kupata kitu cha kushika. Alivua koti, akaigeuza baiskeli magurudumu juu, akaanza kutoa tairi huku akizungumza.

— Sikilizeni. Mimi na Kitale tuna mapatano ya miaka kumi na miwili. Kila Disemba tunacheza mechi ya kirafiki. Anayeshinda ndiye anayesafiri mara inayofuata, ili aliyefungwa alipize kisasi mbele ya watu wake. Ni heshima. Disemba tulicheza hapa Mabanga, uwanja wa chuo, tukashinda mbili kwa moja. Kwa hiyo sisi ndio wa kusafiri. Ni nini hapo kisichoeleweka?

— Kitale wanasema walishinda wao, alisema Wakili. Nahodha wao jana alikuwa anasema hivyo hivyo: sisi tulishinda, ndiyo sababu tumesafiri.

— Nahodha wao ni mwongo!

Kila mtu hapo aliijua Disemba ile. Mabao yakiwa moja kwa moja, dakika ya mwisho, mshambuliaji wa Bungoma alipiga shuti. Goli halikuwa na wavu. Bungoma wakaona mpira umeingia, wakavua jezi kusherehekea. Kipa wa Kitale akaona umepita nje, akauchukua, akaupiga mbele, wenzake wakaenda kufunga kwenye goli lisilo na mtu. Refa alikuwa mpishi wa chuo. Alipoona watu wanakuja mbio kutoka pande zote mbili, alirudi jikoni kwake akajifungia. Hesbon ndiye aliyesimama karibu na mlingoti, na tangu siku hiyo neno lake ndilo lililokuwa ushahidi wa mji mzima.

— Wazee, samahani, alisema Chepkosgei. Hii ya jana ilikuwa mechi ya ligi, si ya Disemba?

— Ya ligi, mwalimu.

— Na refa wa ligi alikuwa wapi?

Wakili alikuna kidevu. Hesbon alibaki ameshika tairi hewani. Saa nne zote alizokaa Kitale aliwatukana wachezaji, mashabiki, hata yule ng'ombe. Refa hakumpita akilini hata mara moja.

— Kitale hakuwako, alisema polepole.

Nabwile aliweka birika chini.

— Jameni. Yule mtu wa reli.

— Mtu gani wa reli?

— Jana, saa nane. Nguo nyeusi juu mpaka chini, filimbi shingoni, vibendera viwili ndani ya mfuko. Mimi nikajua ni wa treni. Akauliza timu ya hapa iko wapi, nikamwambia imekwenda Kitale. Akatazama saa, akaandika kwa kijitabu. Alikunywa vikombe viwili, akashukuru vizuri sana.

— Mimi nilimuuliza treni inafika saa ngapi! alisema Redio kwa sauti iliyokatika. Akaniambia hajui. Nikamwambia serikali inalipa watu bure! Wele wange, nilimtukana lefa!

— Basi mechi ilikuwa hapa, alisema Wakili. Hesbon, barua ya ratiba ilisema nini?

Hesbon alipangusa mikono kwenye suruali. Akalifuata koti lake, akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa bahasha. Ilikuwa na alama za vidole vya grisi na muhuri wa posta wa wiki tatu zilizopita. Haikuwa imefunguliwa.

— Nilisikia redioni kwamba tunacheza na Kitale, alisema. Nikasema ya nini kufungua? Mimi na Kitale tunajua nani anasafiri.

Wakili alisogea, akasema chini kwa chini:

— Haijafunguliwa, si ndiyo? Vizuri sana. Barua haikufika. Jiko hili hapa, lina moto. Kesho unapiga simu, unasema posta waliipoteza, mechi inarudiwa. Nani atabisha? Fikiria kipa wako.

Hesbon alimfikiria kipa wake. Aliifikiria pia siku aliyomwambia kazi ya rungu ni ya wazee. Joto la jiko lilimfikia mkononi, naye hakuurudisha nyuma, wala hakuupeleka mbele. Kisha akageuka, akampa Chepkosgei bahasha.

— Mwalimu, soma.

Chepkosgei alichana bahasha kwa ukucha.

— Uwanja ni Bungoma. Saa tisa alasiri.

— Aki, Baba Emmy, alisema Nabwile.

— Nitapigia ligi simu niwaambie barua ilifika, hata wakitufuta, alisema Hesbon. Vijana nitawaambia leo, mmoja mmoja. Kipa nitaanza naye.

— Na Kitale je? aliuliza Redio kwa hasira. Hao walioanzisha uongo wa Disemba? Kama wangekubali tulishinda, wangekaa kwao, mkacheza huko!

Hesbon alirudi kwenye gurudumu. Alibandika kiraka, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakishikilia muda mrefu kuliko kiraka chochote kinavyohitaji.

— Ulipita nje, alisema.

— Nini kilipita nje?

— Mpira wa Disemba. Nilikuwa pale pale. Ulipita nje ya mlingoti, hivi, akaonyesha upana wa kiganja. Wao ndio walioshinda. Sisi tulitakiwa tukae nyumbani.

Wakili alisimama, akaketi tena. Nabwile aliinua birika amwongezee kocha, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Lilitoa mashapo ya kahawa tu.