Nilipoita Maji, Nikashushiwa Dumu

Wazee wangu, shikamooni. Nyie wengine, poleni kwa kusubiri. Mchungaji amenipa nafasi fupi kabla ya ubatizo, na mke wangu ananikodolea macho pale mbele nisije nikaropoka. Nitajitahidi.

Wengi mnanijua kama yule baba anayekimbia bomba likifunguliwa. Msicheke sana! Ni kweli, na sababu yake ni hii.

Nilikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti kule Mererani. Kazi yangu ilikuwa kutoboa mwamba, mwisho kabisa wa shimo. Jirani na sisi kulikuwa na shimo la zamani lililoachwa, limejaa maji ya mvua. Katikati ni ukuta wa mwamba tu, na baruti zetu zilikuwa zimeupasua ndani kwa ndani bila sisi kujua. Siku moja niliona mwamba unatoa jasho. Nikaugusa, wa baridi. Nikasikia mlio kama kuni kavu zinavunjwa, na ufa ukanitemea maji usoni.

Nikapiga kelele, "Maji! Maji!"

Ndugu zangu, nawaambia, kule chini ni joto, na kila mwenye kiu huita hivyo hivyo. Juu yangu, kwenye kamba, alikuwepo mwenzangu, Mwarusha wa Moshono, Kimasai ndiyo lugha ya kwao. Akajibu, "Tulia, yanakuja!" Akanishushia dumu la maji ya kunywa. Ya ufa yamenifika magotini, na bado naletewa mengine!

Mimi ni Mmeru wa migombani, Kimasai nakiokotaokota tu. Sijui lile neno lilitokea wapi, nikalia, "Engare! Engare!" Ni maji hayo hayo kwa lugha yao. Lakini yule bwana akashtuka. Baadaye aliniambia, "Mmeru akiniita kwa Kimasai, najua kimenuka." Akashuka mwenyewe, akanivuta juu, mguu wangu umevunjwa na jiwe. Tulitoka wote hai.

Mguu ukapona. Mimi sikupona. Maji yakidondoka tu kwenye ndoo, nakimbia nje. Kuoga nikashindwa, mke wangu akawa ananifuta kwa kitambaa. Mtoto wetu alipozaliwa nikaahirisha ubatizo, nikaahirisha tena, kwa kuogopa kusimama karibu na lile beseni pale. Niliona aibu, mwanamume mzima.

Yule mwenzangu hakunichoka. Akawa anapanda kwetu, ananiketisha kando ya mfereji wa shambani. Mwanzoni tulikaa mbali, tunausikiliza tu. "Mmeru unaogopa mfereji? Migomba yako itakunywa chai?" Nilimtukana, nikacheka, kesho nikaenda tena. Siku moja tunabishana habari za ng'ombe wake, nikashtukia miguu yangu imo majini. Nililia. Akaniacha nilie mpaka nikatosheka.

Namshukuru, yupo pale nyuma, anajifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Namshukuru mke wangu. Na nyie kinamama wa jumuiya, mlinitekea maji wakati mimi siwezi hata kushika ndoo, Mungu awazidishie.

Mwenye shida humu ndani, nakuomba jambo moja. Ukiita watu wasikuelewe, usinyamaze. Ita tena, hata kwa lugha ya jirani.

Basi, Mchungaji, mimina maji. Mama, nipe mtoto. Leo namshika mwenyewe.