Fundi Hatua Moja na Wimbo wa Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika. Nimeombwa niandike habari za marehemu kwa sababu mimi ni kaka yake mkubwa, na waliomwona akiwa mchanga wameshaondoka wote isipokuwa mimi. Shule yangu iliishia darasa la sita na kazi yangu ilikuwa useremala, kwa hiyo mkiona nimekata kona mahali, nivumilieni, nitarudi barabarani.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga unga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji. Kinu kile kilinguruma kutwa nzima. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilala fofofo kinu kikinguruma, na kikizimwa tu anaamka na kulia. Majirani wao walifurahia kinu kikizimwa. Sisi tulikuwa tunaomba kiendelee.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 na kumaliza mwaka 1967. Darasani alikuwa wa katikati. Mwaka 1965 alifungua redio ya mjomba wetu bila ruhusa, na mjomba alipomkuta nayo mapajani imetawanyika alimwuliza anafanya nini.

"Ina mvumo, mjomba."

"Mvumo gani? Mbona mimi sisikii kitu?"

"Ndiyo maana nimeifungua mimi."

Alikula viboko vitatu kwa jibu lile. Lakini redio ilipofungwa mjomba aliisikiliza, akazima, akawasha tena. Jumapili iliyofuata alikuja na redio ya rafiki yake. Baadaye marehemu alisoma chuo cha ufundi kuanzia 1969 hadi 1971 na kupata cheti cha umeme na redio.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa na kituo cha redio kama fundi wa studio, na hapo alikaa miaka thelathini na sita. Kazi yake ilikuwa kurekodi waimbaji. Jina la Hatua Moja alilipatia huko. Hakuna aliyesimama mbele ya maiki ya ndugu yangu akaachwa aimbe aliposimama. Alikuwa anachungulia kwenye kioo cha studio na kusema, "Rudi nyuma hatua moja." Alisema sauti inataka nafasi ya kupita kabla haijaingia kwenye chuma. Mimi hayo siyajui, mimi ni mtu wa mbao.

Mwaka 1978 walikuja akina mama wanane kurekodi, wote walimu wa chekechea. Mmoja wao alikuwa na sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Dada, rudi hatua moja."

"Nimesharudi."

"Bado moja."

"Kaka, nikirudi tena nitakuwa nimefika kwetu!"

Wote wakaangua kicheko na utepe mzima ukaharibika. Mjane wetu mwenyewe husema kwamba alirudi ile hatua, na alipogeuka akajikuta ameolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979. Walijaliwa watoto watatu. Siku ya harusi marehemu alimwahidi mke wake kwamba atazirekodi nyimbo zake zote kumi na mbili, azikute siku akiwa bibi. Ahadi hiyo ndiyo ninayotaka kuielezea, maana maisha yake ya baada ya kustaafu yaliizunguka hiyo.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2008. Kituo kilimwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, naye akaomba sanduku la kubana sauti lililokuwa limetupwa stoo. Kwa wasiolijua, ni chuma kizito kama mtoto wa darasa la pili, kina vifundo vinne vya kuzungusha na dirisha lenye mshale. Mwimbaji akipayuka, linamshika. Akinong'ona, linamnyanyua. Shemeji yangu aliliita mke mwenza tangu lilipoingia ndani, maana lilifutwa vumbi kila asubuhi kabla ya chai.

Chumba cha uani nilikijenga mimi. Kuta nilizivika magodoro ya zamani. Mlango niliutengeneza mara mbili kwa sababu wa kwanza ulikuwa unalia, na mtu huyu hakuwa na msamaha kwa mlango unaolia. Tatizo likabaki friji. Friji ya jikoni ikinguruma, sanduku lile linaudaka mvumo na kuuweka ndani ya wimbo. Ikabidi kila siku ya kurekodi friji ichomolewe, na kila siku isahauliwe. Maziwa yakaganda, nyama ikaharibika, shemeji akachoka kusema. Ndipo marehemu akapata dawa: kila alipochomoa friji, alichukua kiatu chake cha kushoto, akakitia kwenye mfuko na kukiweka ndani ya friji. Hawezi kutoka nyumbani na kiatu kimoja, kwa hiyo lazima atakifuata, na akikifuata ataona taa ya ndani haiwaki.

"Kiatu na nyanya zangu mahali pamoja!" shemeji alilalamika.

"Kimo mfukoni."

"Na wewe ungeingia mfukoni."

Lakini dawa ilifanya kazi. Miaka kumi na zaidi maziwa hayakuganda tena.

Mwaka 2014 kitinda mimba wao, binti, alimaliza masomo ya kompyuta akarudi nyumbani na kompyuta yake ya mkononi. Ndani yake mlikuwa na vifaa wanavyoviita plagini. Ni programu inayofanya kazi ya sanduku, na kwenye kioo inachorwa kama sanduku lenyewe, na vifundo vyake, na mshale wake. Siku ya kwanza nilikuwepo, nabandika ubao.

"Baba, hili hapa ni sanduku lako lilelile."

"Liko wapi nilishike?"

"Halishikwi. Unavuta kwa kipanya."

"Basi hiyo ni picha ya sanduku. Nikimwagilia bustani kwa picha ya mvua, mchicha utaota?"

"Lakini ukitumia hii, hutazima friji."

Jikoni shemeji akapaza sauti, "Huyo mtoto asikilizwe!"

Mabishano hayo yalidumu miaka tisa, na kwa haki kila mmoja alikuwa na lake. Sanduku lilikuwa moja, linashughulikia sauti moja kwa wakati mmoja, wakati binti angeweza kuweka la kwake kwenye sauti thelathini kwa pamoja. Kompyuta ilikumbuka kila kitu. Ukiifunga leo ukaifungua mwakani, vifundo viko ulipoviacha. Marehemu yeye aliandika mikao ya vifundo kwenye daftari, kwa kufuata mshale wa saa, na saa zake ni hizi zetu. Akiandika saa nne, kifundo kinaelekea kwenye namba kumi. Binti alifuata daftari siku moja akaelekeza kifundo kwenye namba nne yenyewe, sauti ya mama yake ikatoka kama mtu aliyejifunika blanketi.

Kwa upande wa pili, mwaka 2016 kompyuta ilijisasisha yenyewe, na plagini zikagoma kufunguka mpaka zipate kibali kupitia mtandao. Mtandao ulikuwa umekatika mtaa mzima. Siku nne marehemu alisimama mlangoni kila asubuhi na kikombe mkononi: "Wamekuruhusu?" Binti alingoja zamu yake. Mwaka 2019 sanduku liliungua kipande kidogo kama punje ya maharage, na kipande hicho kilichukua miezi saba kufika. Kila Jumapili binti aliingia na kuuliza kwa adabu kabisa, "Mke mkubwa ameamkaje?"

Hivyo hivyo, nyimbo kumi na moja zilimalizika kwa sanduku. Ukabaki wa kumi na mbili, ambao shemeji aliutunga mwenyewe na huuimba peke yake. Sauti yake ilirekodiwa Januari 2023. Marehemu alikaa siku tatu anauweka sawa, akitoka anasema, "Sasa sauti ina mwili. Kompyuta haiwezi hii."

Siku ya nne binti aliingia kunyoosha waya, akaona swichi ya sanduku iko juu. Ikiwa juu, sauti inapita tu kando, sanduku haliigusi. Mshale ulikuwa unacheza kama kawaida kwa sababu wenyewe hupima kinachopita. Siku tatu nzima ndugu yangu alikuwa amezungusha vifundo visivyofanya kitu. Binti aliishusha swichi bila kusema. Kesho yake baba yake akasikiliza wimbo ambao sasa ulikuwa umebadilika kabisa, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Vilevile nilivyouacha."

Binti alinikuta barazani. "Baba mkubwa," aliniambia, "baba hasikii."

Tarehe 20 Februari 2023 tulimpeleka hospitali. Mpimaji wa masikio alituonyesha karatasi yenye mstari unaoshuka kama ngazi. Siku hiyohiyo waligundua pia kwamba moyo wake umepanuka na umechoka. Tukiwa kwenye benchi tunangoja dawa, alisema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Sauti za juu ziliniacha nikiwa bado kazini. Nikawa natazama mshale. Vifundo navijua kwa vidole. Kwenye kompyuta ya mtoto hakuna pa kushika."

Binti alikuwa amekaa upande wake wa pili. Miaka tisa alidhani baba yake anabishana naye.

Baada ya hapo marehemu alifunga chumba cha uani na ufunguo akautia mfukoni. Mwaka mzima na zaidi hakukifungua. Binti alimwomba wafanye pamoja, yeye awe masikio, baba awe mikono. Alikataa. Alisema fundi wa sauti asiyesikia hana kazi chumbani mle, na wimbo ulioanzwa na fundi mmoja haumaliziwi na mwingine. Moyo nao ulizidi kuchoka. Madaktari walisema tusihesabu mbali. Shemeji aliona ahadi yake inakwenda na mwenye nayo.

Jumapili tarehe 5 Mei 2024, baada ya chakula cha mchana, alimfuata alipokaa.

"Baba watoto. Tangu sijakuwa mke wako unanirudisha nyuma hatua moja. Nimerudi, sikubisha."

"Ulibisha."

"Nilibisha nikarudi. Leo rudi wewe. Hatua moja tu. Mtoto akae kwenye kiti."

Marehemu aliinuka taratibu. Kisha alitoa ufunguo, akaenda kufungua, akasogeza kiti mbele ya kompyuta kwa ajili ya binti, naye akavuta stuli akaketi nyuma yake kidogo, karibu na sanduku.

Walifanya kazi Jumamosi tano. Binti aliitoa sauti kwenye kompyuta, ikapita kwenye sanduku na kurudi. Yeye anasikiliza, anasema, "Legeza kidogo, baba. Hapo. Usiguse," na vidole vya baba vinasimama palepale. Binti alitengeneza na nakala nyingine kwa plagini peke yake, kwa idhini ya baba. Jumamosi ya mwisho, tarehe 8 Juni, walimaliza zote mbili. Binti akamwuliza ipi ibaki.

"Chagua wewe," alijibu. "Masikio ya nyumba hii sasa ni yako."

Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Saa kumi jioni siku hiyohiyo kifua kilimbana, akapelekwa hospitali akiwa na kandambili. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwa ugonjwa wa moyo, mke wake na mtoto wake wa kwanza wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja.

Jumatano tulitafuta viatu vya kumvalisha. Cha kulia kilikuwa chini ya kitanda. Cha kushoto kilitafutwa hadi kwenye gari la jirani. Binti ndiye aliyesema, "Mama, fungua friji." Maziwa yalikuwa yameganda, nyanya zimelainika, na kiatu kimo mfukoni, kimefungwa fundo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mtindo ule, hakukifuata.

Marehemu ameacha mjane, mwalimu mstaafu wa chekechea, watoto watatu, mmoja muuguzi, mmoja mpima ardhi na mmoja mrekodi sauti, wajukuu watano, dada mmoja, na mimi kaka yake.

Nikimaliza kusoma, wimbo wa kumi na mbili utapigwa. Binti amechagua nakala moja na hajatuambia ni ipi. Mama yake hakumwuliza, nami naomba mtu mwingine asimwulize. Mlio karibu sana na spika, rudini hatua moja.

Ndugu yangu, umevaa viatu vyote viwili. Friji tumeiwasha. Pumzika.