Robo Inchi

Ilianza Jumanne, tarehe nne ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Fundi cherehani alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja, akameza mate, na mate hayakushuka yote. Kitu kama kifungo cha shati kilibaki kooni. Saa aliijua kwa sababu aliitazama, akidhani hiyo ndiyo saa watu watakayoiuliza baadaye. Tangu siku hiyo akawa anajipima shingo kwa tepu, asubuhi, mchana na jioni, na kuandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wenye jina lake mwenyewe. Inchi kumi na tatu na nusu. Miezi mitatu namba haikusogea. Yaliyosogea ni mengine: moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, vidole vilikufa ganzi juu ya kitambaa, kifua kilimbana hata akicheka. Alipimwa hospitali tatu, zote zikasema mzima. Daktari wa mwisho, wa zahanati, alimwambia kinachomuumiza ni hofu, na tepu ndiyo inayoilisha. Akae siku saba bila kujipima, halafu arudi aseme ukweli. Akishindwa si kosa. Watatafuta njia nyingine pamoja.

Siku ya sita, jioni, alitoka akakaa kwenye benchi lililo nje ya mlango wake. Walikuwepo wenye benchi lao: Bi Kahawa na birika lake, Waya fundi redio, na Macho, mlinzi wa ghala, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta macho. Fundi aliwaambia kwamba leo ni siku ya sita. Hakutaka kingine zaidi ya hongera.

Bi Kahawa alimpa hongera na kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Mambo yangeishia hapo, kama Waya asingekohoa.

— Dada, mimi naletewa redio inakoroma. Nikiiweka mezani, inaimba vizuri kabisa. Mwenyewe akifika nayo nyumbani, inakoroma tena. Sasa hiyo redio ni nzima?

— Si nzima, alisema Macho.

— Basi mashine za hospitali ndizo meza yangu.

Macho naye akakumbuka mtu aliyefanya kazi na mjomba wake. Aliambiwa mzima saa sita mchana, saa tisa watu wanatafuta gari la kumbeba. Bi Kahawa alipomuuliza yule mtu aliuawa na nini, Macho alikiri kwamba hajui, ila karatasi ya majibu alikutwa nayo mfukoni, safi kabisa, haina hata doa. Bi Kahawa akamwambia anyamaze, haoni mwenzake amebadilika rangi.

Fundi alikuwa amekalia vidole vyake visije vikapanda shingoni. Vilikuwa vimeshaanza ganzi. Alijisemea kwamba huyu ni Macho, na Macho ana maiti ya kila mazungumzo. Moyo haukusikia.

Hapo wakagombania chanzo. Macho alishikilia kwamba ni kuinama: damu inateremka shingoni, inakosa njia ya kurudi. Waya akamwuliza amesomea wapi. Waya mwenyewe alisema ni umeme wa cherehani, unapita kwenye sindano, unaingia mkononi, unapanda hadi kooni na kukaa palepale, maana koo halina waya wa ethi wa kuuteremsha ardhini. Bi Kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini. Fundi pia alicheka, na kifua kikambana. Waya hakupenda kuchekwa. Alifikiri kidogo, kisha akageuka.

— Hiyo tepu yako ina miaka mingapi?

— Tisa.

— Ya kitambaa?

— Ya kitambaa.

— Kitambaa kinavutika, wewe unajua kuliko mimi. Shingo ikivimba na tepu ikirefuka, vinakwenda sambamba. Namba itabaki ileile hadi siku ya mwisho.

Hakuna aliyecheka. Fundi aliingia ndani, akarudi na tepu mpya iliyokuwa bado kwenye nailoni. Alizilaza mbili hizo juu ya benchi, Macho akabana ncha. Alama ya inchi sitini ya tepu ya zamani iliipita sitini ya mpya kwa inchi moja na robo. Fundi alipiga hesabu kichwani: kwa kipande kinachozunguka shingo, tofauti hiyo ni kama robo inchi. Kisha, mbele yao wote, saa kumi na moja kasoro dakika kumi, akajizungushia mpya. Kumi na tatu na robo tatu.

— Hiyo robo ni ya tepu, mwanangu, alisema Bi Kahawa. Shingo haijaongezeka.

— Inategemea tepu ilirefuka lini, alisema Waya. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alionekana kujutia, lakini hakuzoea kuacha kitu kikiwa kimefunguliwa. — Kama ni kabla ya mwezi wa tatu, sawa. Kama ni baada...

Daftari likaletwa. Macho alisoma tarehe na vipimo kama anayeita majina ya wanafunzi, Waya akitafuta siku ambayo tepu ingekuwa imeanza kudanganya, Bi Kahawa akiwasihi waliache. Hawakumwona mama aliyefika na kitambaa cha sare mkononi, akasimama nyuma yao akingoja zamu yake. Aliinama kidogo, akausoma ukurasa.

— Samahani, Fundi. Huyu mteja mbona kapimwa shingo tu? Mabega hakuna, kifua hakuna, urefu hakuna. Unamshonea nini?

Waya alimtazama Macho. Macho alitazama kikombe chake. Bi Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha matupu, akaliinua tena. Fundi, ambaye ukimsomea vipimo vitatu anakutajia vazi, aliupitia ukurasa ule kwa kidole, mstari kwa mstari. Akafunga daftari, akapokea kile kitambaa, akamwambia yule mama apite ndani.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya zahanati. Daktari alimwuliza amejipima mara ngapi kwa siku saba hizi. Alimwambia hata mara moja. Daktari alifurahi kwelikweli, akampa mkono, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hahitaji kurudi. Fundi alishukuru, akatoka, akaupita mlango wa kutokea, akaingia choo cha wanawake, akabana komeo, akatoa mfukoni tepu zote mbili.