Torgunn Hellevang, Aliyeifundisha Rada Kutofautisha Mashua na Wimbi

Marehemu Torgunn Hellevang alizaliwa tarehe 9 Februari 1949 hapa kisiwani Bulandet, mtoto wa kwanza wa Mons na Borghild. Miaka minne baadaye nilizaliwa mimi, Leidulf, na tangu siku hiyo alikuwa akinituma.

Alisoma shule ya hapa hapa. Novemba 1961 baba alipotea baharini. Baadaye ilijulikana kwamba meli ya uokoaji ilipita karibu naye, rada ikamwonyesha, lakini nahodha akadhani ni wimbi tu. Torgunn, akiwa na miaka kumi na miwili, aliuliza, "Kwani rada haijui baba na wimbi?" Jibu aliamua kulitafuta mwenyewe. Akaenda kusoma fizikia mjini Bergen, akahitimu mwaka 1973.

Kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi miale ya rada inavyotawanyika ikigonga uso wa bahari. Kwa majaribio alihitaji mashua ndogo na mtu mpole wa kuketi ndani yake. Mpole hakupatikana, nikaenda mimi. Miaka ishirini na miwili nilielea kwenye baridi, mwenzangu yuko nchi kavu, karibu na jiko! Siku moja ya mwaka 1984 kioo chake cha rada kilionyesha mashua kumi na moja.

"Dada, mimi ni ipi?" niliuliza redioni.

"Nyamaza, nahesabu."

"Natapika, mwenzio!"

"Basi tapika taratibu, usiitikise mashua."

Kumbe kumi zilikuwa mawimbi yanayovunjika. Wimbi la namna hiyo hung'aa kwenye rada kama mashua, kisha hufifia, mashua hubaki. Kuikokotoa tofauti hiyo kwa kila aina ya upepo kulimla nusu ya maisha yake.

Aliolewa na shemeji Kåre tarehe 17 Juni 1978. Katikati ya karamu ukavuma upepo alioungoja wiki sita. Bibi harusi huyo mbio kwenye rada na shela lake, na mimi nikapelekwa baharini na suti ya kuazima. Kåre alikata keki peke yake, maskini, na hajalalamika mpaka leo.

Januari 2009 injini yangu ilizimika kwenye dhoruba. Rada ya waokoaji ilijaa nukta arobaini. Walizipitisha kwenye hesabu za Torgunn, ikabaki moja, wakanijia moja kwa moja. Gatini dada alinizaba kofi, kisha akanikumbatia na kulia mpaka akaishiwa nguvu. "Imejua, Leidulf," alirudia. "Safari hii imejua." Nami nililia, sioni haya kusema.

Machi 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Muuguzi alipomwambia bahari imetulia, alifoka, "Imetulia wapi? Njoo uvae miwani yangu!" Alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, Kåre akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, Oddny na Sunniva, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja wa kiume. Huyo wa mwisho ni mimi, na nimo kwenye orodha hii ya walio hai kwa sababu yake.

Ulale kwa amani, dada.