Kifungu cha Arobaini na Moja

"Cha thelathini na tisa," mama anasoma.

"Kipo. Kimehamia hamsini na saba," binti anajibu.

"Cha arobaini."

"Kipo. Hamsini na nane."

"Cha arobaini na moja."

Kurasa zinapekuliwa.

"Tafuta vizuri, mwanangu."

"Nimetafuta, mama. Hakipo."

Wasikilizaji wapendwa, mazungumzo hayo tumeyanasa leo asubuhi nyumbani kwa marehemu. Alikuwa karani wa mipango katika halmashauri ya mji wetu. Wengi mlimwita Rula. Tulimzika Jumatano. Wanaosoma ni mjane wake na binti yake. Wanachosoma ni sheria ndogo ya matumizi ya ardhi, ile inayosema wapi pajengwe nyumba, wapi duka, wapi karakana. Mama ameshika ya zamani. Binti ameshika rasimu mpya. Madiwani wanaipigia kura Ijumaa.

Kifungu cha arobaini na moja ndicho kinachomruhusu mtu kufanya ufundi nyumbani kwake. Washonaji, maseremala na washona viatu wa mtaa wa Rula wanakula kwa kifungu hicho. Nacho, narudia, hakimo kwenye rasimu.

Rula hakusomea kazi hii. Aliingia halmashauri akiwa mfagizi, akajifunza ramani kwa kuzikunja na kuzikunjua. Sheria ile ilikuwa viraka vitupu, miaka thelathini ya marekebisho. Alipopewa kuipanga upya, alileta kurasa nyumbani. Mke asome, yeye ajibu kifungu kimehamia wapi.

"Chakula kinapoa," anasimulia mjane. "Namwambia, baba nanihii, kula. Ananijibu, kimoja tu. Kimoja chake kilikuwa kumi."

Lakini mtaani watu wananong'ona kwamba Rula alihongwa akiondoe kifungu. Jirani mmoja, fundi wa kuchomelea, alisema mbele yetu, "Lisemwalo lipo, shemeji. Mwezi wa tatu mliezeka mabati mapya. Mshahara wa karani naujua."

Mjane hakuinua macho. "Mabati hayo nimeyashona mimi, kwa cherehani ile pale. Na suruali za wanao zimo humo humo."

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Tulikwenda ofisini. Mpiga chapa akasema, "Nilichapa nilichopewa." Alipewa na nani? "Nilizikuta kurasa mezani." Mkuu wa idara alisema nakala aliyoiandika Rula kwa mkono ilishatupwa. Alitukaribisha chai mara tatu. Nani aliitupa, hakutuambia hata mara moja.

Rula naye alikuwa na kosa lake. Alihakiki kabla ya kuchapa. Baada ya kuchapa hakuhakiki, miaka yote. Alisema mashine haina tumbo, haiwezi kula neno la mtu. Safari hii, siku uchapaji ulipoanza, yeye alikuwa wodini.

"Aliniuliza, wamemaliza kuchapa?" binti anakumbuka. "Nikamwambia, pumzika, baba."

Hatumhukumu mtu, wasikilizaji wapendwa. Huenda karatasi ilianguka. Ila mjane anakumbuka kwamba katika nakala ile ya mkono vifungu vitatu vilikaa karatasi moja: cha arobaini, cha arobaini na moja na cha arobaini na mbili. Karatasi ikianguka, huanguka na vyote ilivyobeba. Cha arobaini kipo. Cha arobaini na mbili kipo.

Tunatoa pole kwa mjane, kwa binti, na kwa ukoo wote. Mola amlaze pema. Nasi tuliobaki tujiulize: sheria inayotulisha, nani kati yetu amewahi kuisoma? Marehemu hawezi kujitetea. Kabla hujamtaja mtaani, kaisome.

Hadi tunaondoka, mama na binti wamefika kifungu cha sabini, kati ya mia moja na kumi na mbili. Vilivyokosekana sasa ni vitatu. Vyote vitatu vinahusu mtaa wao.

Mama ameweka kitabu kando, wateja wanamngoja. Kesho saa kumi na mbili asubuhi wataanzia cha sabini na moja.