Masale ya Rogath Juu ya Msitu

Benchi la kahawa la Soweto, mtaa wa mjini chini ya mlima, liko mbele ya kibanda cha Prakash, fundi saa, na Rogath wa Uru hukaa mwisho wa kushoto. Asubuhi hiyo alikuja na shida. Hifadhi ya mlima, iliyofunguliwa mwaka uliopita, ilikuwa imempa kazi ya majaribio: aweke alama kwenye njia ya miguu kule juu ya msitu, kwenye vichaka vya baridi, wageni wasipotee kwenye ukungu. Rogath akafanya kama baba yake alivyofanya kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la nyumbani. Alipanda masale, mmea wa mipaka, pande zote mbili za njia, na majani yake marefu yakapendeza kwa wiki tatu. Sasa yamekauka yote. Jumamosi bwana mkubwa anapanda kukagua, na hapo ndipo Rogath ataajiriwa au atarudishwa nyumbani.

— Ni pofu, alisema Eliezeri, jirani yake wa benchi, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Mnyama mkubwa kuliko ng'ombe. Amekula.

— Angekula, hayo makavu yangetoka wapi? aliuliza Prakash.

— Alilamba tu.

— Redio, mate ya pofu siyo dawa ya magugu. Huyo ni chui. Chui hukojolea mpaka wake, na Rogath kaweka mpaka ndani ya mpaka wa mwenzake.

— Njia nzima, chui mmoja?

— Ana ndugu.

Redio akashusha sauti.

— Basi ni wazee wetu waliotangulia. Isale, jani moja la masale, tunampelekea mtu kumwomba msamaha. Huyu kawaomba msamaha kabla hajawakosea. Wameshtuka.

Rogath alizipokea hoja zote kwa heshima. Ya kwake, kwamba alfajiri kule juu udongo huganda kwa baridi, hakutaka kuisikia hata kutoka mdomoni mwake mwenyewe.

Mektrida wa Masama alikuwa amefika kuchukua saa yake ya ukutani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

Alisikiliza kidogo, saa kwapani.

— Mzee Rogath, kwani kule juu hakuna mawe? Si ungeyapanga tu kando ya njia?

Redio alijimiminia kahawa. Prakash akaanza kufuta kioo kilichokwisha kufutwa.

— Yapo, alisema Rogath. Yalikuwa yamepangwa tangu zamani, pande zote mbili. Niliyatupa korongoni, nipate pa kupanda.