Mama Saa Ngapi Akabidhi Zamu

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Muuguzi Mkunga Insiya Hatim wa Kituo cha Afya Mikongeni, hapa Pande, alistaafu kwa mujibu wa sheria. Majirani mnamfahamu kama Mama Zain. Wauguzi aliowafundisha wanamwita Mama Saa Ngapi, tena mbele yake, naye huitika.

Alizaliwa Kilwa Kivinje, katika nyumba ya nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, Mzee Hatim, ambaye alikwisha kumwekea kiti chake kaunta. Binti akachagua chuo cha uuguzi. Mzee alinuna mwaka mzima, kisha siku moja akasikika akimtambulisha kwa wateja kuwa ndiye binti yake wa serikali. Toka hapo kanga za kupokelea watoto wachanga zikawa zinakuja na basi kutoka Kivinje bila mtu kuziomba.

Jina la Saa Ngapi lina sababu yake, nayo si ya kuchekesha. Nilitaka kuiruka. Mwenyewe akaniambia nikiiruka hatakuja ukumbini kuagwa, na mnaomjua mnajua kwamba kweli angebaki nyumbani.

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini, katika zahanati nyingine, si hapa. Saa kumi alasiri alimpokea mama mjamzito. Akamuuliza chupa imepasuka lini, yaani maji yametoka saa ngapi. Mama akajibu, saa tatu. Kwa sisi tuliozaliwa huku, hiyo ni asubuhi, jua halijakaza. Insiya alikuwa peke yake na wagonjwa wengine sita. Akaandika 3 kwenye chati, na zamu ilipoisha akaenda zake. Mwenzake aliyepokea akaisoma ile 3 kwa saa za chuoni, zile za Kizungu, akaelewa saa tisa alasiri. Akaona bado mapema. Rufaa ikachelewa saa sita nzima. Mama alipona. Mtoto, wa kike, hakulia.

Wakubwa walisema ni bahati mbaya, kila mmoja alikuwa sahihi kwa saa yake. Insiya hakuitaka faraja hiyo. Alimfuata yule mama nyumbani kwake, akamweleza kosa lilivyotokea, bila kumtupia mwenzake lawama. Anasema mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula.

Tangu hapo makabidhiano kwake hayafanyiki mezani. Wote wawili husimama kitandani. Anayetoka anasema saa, na anayeingia hamkubalii: anamuuliza mama mwenyewe upya. Ilikuwa kabla ya adhuhuri au baada? Ulikuwa umeshapika? Ndipo inaandikwa kwa saa za chuoni na wote wanatia saini. Wanafunzi wa mazoezi walilalamika kwamba anapoteza dakika kumi. Mimi, tabibu mzima, niliwahi kuandika kwenye faili kwamba homa ilianza jana jioni. Alinirudishia faili mbele ya mgonjwa, akataka kujua jioni ni saa ngapi. Nilinuna, nikaandika upya, na sijarudia.

Wauguzi arobaini na mmoja wamepita mikononi mwake. Kila mmoja, siku ya kwanza, amesimuliwa kosa lile hata kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Na hapa ndipo penye donda letu. Ikama ya wodi ya wazazi, yaani idadi inayotakiwa, ni wauguzi sita, na hatujawahi kuzidi watatu. Wanaripoti, wanafundishwa, wanahama. Siwalaumu, watu wana ndoa zao na wazazi wagonjwa. Lakini mwaka jana zilikuwepo siku ambazo muuguzi mmoja aliunganisha zamu mbili, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea. Hicho ndicho alichokiogopa Insiya kuliko uzee. Alisema kikaoni kwamba watu wawili wanaweza kusomana vibaya, ila aliye peke yake hana hata wa kumsoma.

Januari tulimwomba abaki kwa mkataba. Mzee Abdala, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alikuja na maneno yake matamu yanayomtoa nyoka pangoni. Insiya akakataa. Nilikasirika, nikamwambia anawatupa akina mama. Leo nasema mbele yenu kwamba nilikosea. Yeye aliona mbali: madhali amekaa pale, nafasi yake itaonekana imejaa, na hakuna atakayeletwa. Akaniweka chini tukaiandikia halmashauri barua tano, kila moja ikitaja zamu zilizokosa wa kupokea, siku na saa, asubuhi au jioni.

Aprili ndipo tukaishiwa nguvu. Esha, aliyemlea miaka mitatu na tuliyemtegemea aishike wodi, akapata kibali cha kumfuata mumewe Dar es Salaam. Insiya hakumzuia. Alimwambia aende, ndoa nayo ni kazi. Tuliomwona siku ile tunajua lilivyomchoma. Esha akajibu kwa Kiswahili chake cha mjini kwamba hasepi, haondoki, mpaka aone mtu wa kumpokea, akaweka kibali kwenye droo.

Jumatatu ya tarehe 23 Juni, Fortunata akashuka kwenye bodaboda na begi lake, barua ya ajira mkononi. Hata chai hajanywa, amesimuliwa kosa lile. Mwingine tumeahidiwa Septemba. Tutaamini tukimwona.

Wiki moja baadaye, saa nane mchana, Insiya alikabidhi zamu yake ya mwisho. Walimpokea wawili, Esha, ambaye bado hajaondoka, na Fortunata. Alimsomea Fortunata saa kutoka kwenye chati, naye Fortunata, ana siku saba tu hapa, akamgeukia mama kitandani na kumuuliza mwenyewe. Insiya alisubiri jibu kama muuguzi mwingine yeyote. Kisha akatia saini, akatoka akasimama nje ya mlango wa wodi akilia. Hatukumfuata.

Mama Zain, kwa niaba ya watumishi wote na akina mama wa Pande, ahsante. Mungu akupe afya, na nyumba yako Kivinje isikose wageni. Najua bado utashtuka usingizini ukidhani unaitwa. Geuka upande wa pili, ulale. Wodi ina watu.

Evaristo, Tabibu